Nyasi Kwanza, Ndipo Miti: Namna ya Kulinda Mito na Mabwawa ya Dodoma

Mvua za mwanzo Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, huikuta ardhi ikiwa uchi. Ng'ombe wamekwisha kula mabua, na samadi, mbolea na mabaki ya dawa za mizabibu viko juu juu tu. Maji ya siku hizo huingia korongoni yakiwa mekundu na mazito kama uji wa ulezi. Huishia kwenye mabwawa, na kwenye mito ya mchanga ambako kina mama huchimba visima wakati wa kiangazi.

Tukihamasisha upandaji kandokando ya mito, wananchi wengi huomba miche ya miti. Ni vizuri, ila kazi ya kuchuja huanzia kwenye nyasi. Mashina yaliyosongamana hupunguza kasi ya maji, udongo ukatuama, na fosforasi ya mbolea na samadi iliyong'ang'ania chembe za udongo ikabaki nao. Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea na samadi, yenyewe huyeyuka na kupenya chini na maji. Hiyo hunyonywa na mizizi, na palipo na unyevu bakteria huigeuza gesi. Hapo ndipo vichaka na miti husaidia, mbali na kushika ukingo usimeguke.

Kwa hiyo upande wa shamba weka nyasi nene: vetiva, au mabingobingo palipo na unyevu. Vifuate vichaka, kisha miti ya asili kama mkuyu na mgunga karibu na ukingo. Mikaratusi isipandwe hapo, maana hunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa.

Kinachoharibu kazi hii zaidi ni njia za mifugo. Njia moja ikikata ukanda wa nyasi, hugeuka mfereji. Maji ya shamba zima hukimbilia hapo, na nyasi zilizostawi huku na huku hazichuji kitu. Nyasi huchuja maji yaliyotandaa. Kwa hiyo toka shambani mvua inaponyesha, uone maji yanapita wapi. Palipoanza kuchimbika paziba kwa mawe, na huko juu weka makingamaji, yaani matuta yanayofuata kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko). Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya ukanda. Bomba la kupulizia dawa lisioshewe mtoni kabisa, kwa kuwa maji hayo hayapiti kwenye nyasi zozote.

Wapo wanaosema nchi yetu ni kavu mno kwa haya. Waitazame Kondoa: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979, na uoto ukarudi. Wafugaji waliumia, na sitaki yarudiwe. Ukanda mwembamba kando ya mto hauhitaji kumhamisha mtu.

Kila mwaka kabla ya mvua, udongo uliojikusanya mbele ya nyasi uchote uurudishe shambani. Ukiuacha utakuwa tuta, maji yatazunguka. Mabingobingo yakatwe yalishwe zizini, yasichomwe. Vipando vya vetiva vipandwe ardhi ikishalowa vizuri, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Usivuke Januari, kwa sababu mvua ikikatika Februari itavikuta havijashika mizizi.