Kupunguza Joto Usiku Hakuongezi Gharama

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada imedumu imani kwamba ukipunguza joto usiku, tanuru la kupasha nyumba litateketeza asubuhi gesi yote uliyoiokoa, hivyo ni heri kuliacha katika kiwango kilekile saa zote. Sivyo. Nyumba hupoteza joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya hewa ya ndani na ya nje. Kwa hiyo kila saa ambayo ndani kumepoa, joto linalovuja kupitia kuta, madirisha na paa hupungua, na gesi ya kupasha upya asubuhi huwa kidogo kuliko ile ambayo ingefidia uvujaji wa usiku kucha. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kupunguza nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa 8 kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za kupasha na kupoza nyumba kwa mwaka.

Kwa familia yenye ratiba isiyobadilika, themostati (kidhibiti joto cha ukutani) ya kawaida ya kupangiwa saa inatosha kabisa, hata kama muuzaji atasema vinginevyo. Ile janja, ya intaneti, huwafaa zaidi wenye zamu zinazobadilika. Nyingi huhitaji waya wa C wa kuipa umeme mfululizo, jambo la kukaguliwa ukutani kabla ya kulipa.

Wenye pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani, ndio wanaopaswa kujihadhari, kwa sababu kupandisha joto ghafla asubuhi huweza kuwasha hita ya akiba, ambayo hula umeme mwingi. Wao wachague themostati iliyotengenezwa mahsusi kwa pampu hizo, inayopandisha joto polepole.