Zamu ya Nani Leo? Dhana Potofu Kuhusu Ndugu na Kazi za Nyumbani

Dhana: Anayetegea ni mvivu tu.
Mpe kazi hiyohiyo peke yake uone. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwahi kuwapima watu wakivuta kamba. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo wastani wa nguvu ya kila mmoja ulivyopungua. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa mkupuo mmoja; sehemu nyingine, kama majaribio ya baadaye yalivyoonyesha, ni kutegeana. Sasa sikiliza amri ya nyumbani: "Nyie, hebu safisheni jikoni!" Hiyo ndiyo kamba. Hakuna aliyetajwa jina, hakuna aliyepewa kipande chake, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Uvivu upo, sikatai, ila amri yenyewe huwa hatuichunguzi.

Dhana: Wote wanajua maana ya "kuosha vyombo".
Ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Dada ameosha sahani, vikombe na vijiko, ameloweka sufuria iliyoungua, ameenda zake. Kwake kazi imekwisha. Kaka anaingia jikoni asubuhi: sufuria imejaa maji yenye utando wa mafuta, mabaki yameziba tundu la sinki, kitambaa kimefinyangwa pembeni kinanuka. "Hujaosha vyombo!" "Nimeosha!" Na wote wawili wanasema kweli.

Kabla ya kupanga zamu, kubalianeni kazi inaishia wapi. Sufuria imesuguliwa, sinki tupu, meza imefutwa, kitambaa kimeanikwa. Waacheni watoto wenyewe wataje. Wanazijua hila zote za kukatisha kazi njiani kuliko mzazi.

Dhana: Anayelalamika "mimi ndiye nafanya kila kitu" anadanganya.
Anaamini anachosema. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja kivyake, mchango wake katika shughuli za nyumbani. Majibu ya wawili yalipojumlishwa, kwa shughuli nyingi yalizidi kazi nzima. Wale walikuwa watu wazima, lakini ukiwa na watoto wawili huhitaji kuambiwa zaidi. Mtu hukumbuka mgongo ulivyomuuma akipiga deki. Deki iliyopigwa yeye hayupo haikumbuki. Karatasi ya zamu ukutani, kila mtu akiweka alama akimaliza, huamua kesi hizi upesi kuliko hotuba ya mzazi.

Dhana: Haki ni nusu kwa nusu.
Kufua mashuka ni kazi moja, kutoa taka ni kazi moja. Jaribu kumwambia aliyefua kwamba mko sawa. Mmoja apange kazi zote mafungu mawili, mwenzake achague kwanza. Mpangaji atapima kwa uangalifu wa ajabu, maana fungu baya linaweza kubaki lake.

Dhana: Bila malipo hawasogei.
Watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima kuokota kilichomdondoka, bila kuahidiwa chochote. Miaka 2 baadaye, katika jaribio la watoto wa miezi 20, waliopewa zawadi kila waliposaidia walisaidia mara chache kuliko wenzao zawadi zilipokoma. Kijana wa miaka 14 si mtoto wa miezi 20, lakini kabla ya kutoa pochi ningejiuliza nitafanyaje siku itakapokuwa tupu.

Dhana: Mkubwa awasimamie wadogo.
Mdogo ataacha kugombana na fagio, agombane na mkubwa. Kagua mwenyewe.

Dhana: Zamu za kila siku ndizo za haki.
Zamu ya siku moja hualika kiporo: unachokiacha leo ni mzigo wa mwenzako kesho. Jaribu zamu ya wiki nzima. Sufuria uliyoloweka jana usiku, asubuhi unaikuta wewe mwenyewe.