Rubani asiambiwe mgonjwa ni nani

Ndege ndogo iliyobeba mgonjwa ikianguka, watu huniuliza kama injini ilizima. Mimi hutaka kujua kwanza kama ilikuwa usiku, kama kulikuwa na mawingu, na rubani aliambiwa nini kabla ya kukubali safari. Nimerusha ndege za wagonjwa miaka mingi. Siku hizi nafundisha.

Usiku wa tarehe 24 Februari 2023, ndege aina ya Pilatus PC-12 iliondoka Reno, Marekani, ikielekea Salt Lake City. Mbele alikaa rubani peke yake. Nyuma walikuwa muuguzi, paramediki, mgonjwa na ndugu yake. Kulikuwa na dhoruba ya theluji. Baada ya kama robo saa ndege ilikatika vipande angani na kuanguka karibu na Stagecoach, Nevada. Hakupona mtu.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walihitimisha kwamba rubani alipotewa na hisia ya mwelekeo, ndege ikamshinda. Asiyewahi kurusha hudhani huo ni uzembe. Kumbe ni sikio. Ndani yake mna vifereji vyenye majimaji na vinywele vidogo. Ukigeuka, majimaji huchelewa kidogo, vinywele huinama, nawe unajua umegeuka. Ila ndege ikipinda kwa mwendo usiobadilika, ndani ya sekunde 10 hadi 20 majimaji hushika mwendo huo na vinywele husimama tena. Sikio linakwambia umenyooka.

Mwanafunzi wangu namwambia afumbe macho na ainamishe kichwa. Napinda taratibu, nangoja, kisha namuuliza, "Tukoje?" Anajibu bila wasiwasi, "Tumenyooka, mwalimu." Akifumbua macho anakuta bawa la kushoto limelala nyuzi 30. Nikiinyoosha ndege, anashika kiti: anahisi tunapindukia kulia. Gizani, hisia hiyo humfanya rubani airudishe ndege kule kule ilikokuwa imelala. Pua inashuka, kasi inapanda, anavuta usukani, na kona inazidi kukaza.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu wanafunzi 20 wasiozoea kuruka kwa kutazama vifaa vya ndani ya ndege pekee, bila kuona nje. Ndege iliwashinda wote, baada ya wastani wa sekunde 178. Rubani wa wagonjwa amefunzwa vifaa, tena vizuri, lakini yuko peke yake, ndege inarushwarushwa, na katika ajali ile ya Nevada autopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ilikuwa imejitoa kwa sababu ambayo haikujulikana.

Kuna jambo jingine ambalo NTSB walilitaja, nami naliona zito kuliko sikio: kampuni haikuwa na utaratibu wa kutosha wa kupima hatari kabla ya safari. Ndiyo maana wengi katika kazi hii tunashikilia kwamba rubani asiambiwe umri wala ugonjwa. Apewe mahali pa kutoka, mahali pa kwenda, na uzito. Huruma ni ya wahudumu wa nyuma. Yeye asome mawingu.

Sasa uzito nao una mdomo. Usiku mmoja mratibu alinipigia simu akanisomea: mgonjwa, kilo 9. Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Nilifungua utabiri wa hali ya hewa mara tatu, na kila mara nikauona umeboreka kidogo, ilhali haukubadilika hata mstari. Nilikuwa nimeshachukua funguo. Kanuni yetu ilikuwa kwamba mmoja akikataa, hakuna safari. Muuguzi alitazama nje, akasema, "Kaka, mimi leo sipandi." Mtoto alisafirishwa kwa gari.

Asubuhi nilimwomba mratibu asinitajie tena uzito wa mgonjwa peke yake. Ajumlishe machela, mitungi ya oksijeni na aliyelala juu yake, anipe namba moja. Nikitaka kukisia bado naweza, ila inanibidi nipige hesabu kwanza.