Uwanja wa ndege wa Entebbe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipanda taksi ya Entebbe pale Kampala, kabla hamjafika Kajjansi utakuwa umeshaambiwa kwamba uwanja wa ndege uliuzwa zamani. Msemaji hana shaka hata kidogo, na wa kiti cha nyuma ataongeza la kwake. Mimi ni mkazi wa Kitooro, si mbali na uwanja, na maneno haya nayasikia sokoni, kwenye bodaboda, hata sebuleni kwangu. Yananiuma kwa sababu nchi yetu, Uganda, haina bahari. Lori likibeba mzigo wetu lazima livuke ardhi ya jirani ndipo liione meli. Hapa Entebbe mzigo unapakiwa jioni, na kesho yake uko Ulaya. Mlango kama huo haufai kuzungumzwa kwa kubahatisha.

“Wachina walishauchukua”

Uvumi huu una mzizi, na mzizi wenyewe unapaswa kujulikana. Mwaka 2015 serikali ilisaini mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Exim ya China ili kuupanua uwanja: riba asilimia 2, muda wa miaka 20, na miaka 7 ya mwanzo ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa deni lenyewe. Kazi ilipewa kampuni ya China Communications Construction Company. Mwezi Oktoba 2021 Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, aliwaomba radhi wabunge kwa jinsi mkopo ule ulivyojadiliwa. Mwezi uliofuata gazeti la Daily Monitor likaandika kuhusu vifungu ambavyo Uganda ilitaka virekebishwe. Habari ikavuka mpaka, na kila ilipopita ikaongezwa chumvi, hadi ikaturudia nyumbani ikisema uwanja umekwenda. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ilikanusha, na ubalozi wa China ukakanusha.

Mwaka 2022 watafiti wa AidData, wa chuo kikuu cha William & Mary huko Marekani, waliupata mkataba wenyewe na kuuchapisha. Uwanja haukuwekwa rehani. Hakuna kifungu kinachomruhusu mkopeshaji kuja kuchukua majengo wala njia za kurukia. Kilichomo ni kwamba mapato ya uwanja yatangulie kulipa deni hili kabla ya matumizi mengine, na kwamba fedha taslimu ziwekwe kwenye akaunti maalumu ambayo benki inaweza kuzishika deni likikwama. Mgogoro ukitokea, unaamuliwa Beijing.

Mtu kukunyang'anya nyumba ni jambo moja. Kukaa mlangoni na kupokea kodi ya wapangaji wako kabla yako ni jambo jingine. Hilo la pili si dogo hata kidogo. Ndiyo maana nasema anayepiga kelele kwamba uwanja umeuzwa anawapunguzia mzigo waliotia saini. Kukanusha uongo ni kazi ya dakika moja, na swali zito linabaki bila wa kuliuliza: kwa nini tulikubali mapato ya miaka 20 yafungwe hivyo?

“Ni mahali pa wenye pesa, sisi hapatuhusu”

Nenda Kasenyi au Kigungu alfajiri, boti zikirudi. Sangara mkubwa, yule tunayemwita mputa, hanunuliwi kwa ajili ya sufuria za Entebbe. Anapelekwa kiwandani, anakatwa minofu, minofu inapozwa na kupanda ndege. Kinachorudi mtaani ni kichwa na mifupa, mgongo wazi, ambao akina mama wanaukaanga na kuuza kando ya barabara. Kwa hiyo hata aliyekula mgongo wazi jana usiku amekula kilichoachwa na uwanja wa ndege. Mvuvi asiyemiliki pasipoti anajua bei imepanda au imeshuka huko Ulaya kwa sababu mnunuzi wa kiwanda humwambia palepale ufukweni.

Maua ni vivyo hivyo. Mashamba ya waridi yapo kandokando ya ziwa, Wakiso na Mukono, na yako huku kwa sababu uwanja uko huku. Ua likishakatwa linakimbizwa kwenye chumba cha baridi, na mengi yanauzwa kupitia Uholanzi. Waridi halina siku za kupoteza kwenye barabara ya Mombasa, ambayo kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Wanaochuma na kufunga maua hayo wengi wao ni wanawake, na kodi za nyumba zao hutoka humo.

Mwaka 2020, korona ilipofunga uwanja kwa abiria kuanzia mwishoni mwa Machi hadi tarehe 1 Oktoba, ndege za mizigo hazikusimama. Tuliokuwa tumejifungia nyumbani tulizisikia zikipita juu usiku. Zilitufariji kuliko redio.

Wengi huongeza kwamba hata kahawa yetu husafiri kwa ndege. Hapana. Kahawa ni nzito na inavumilia safari, basi inateremka kwa lori hadi Mombasa. Dhahabu ndiyo inayopanda ndege: kidogo chake kina thamani kubwa.

“Jengo unalopitia ndilo la mwaka 1976”

Wageni hupiga picha jengo la abiria wakidhani ndipo mateka walipokuwa. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 baada ya kuondoka Athens, ikitokea Tel Aviv kwenda Paris, ikaletwa Entebbe, na makomando wa Israeli walivamia usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Mateka walikuwa kwenye jengo la zamani ambalo lilikuwa limeacha kutumika. Jengo jipya lilikuwa tayari likifanya kazi. Mnara wa zamani wa kuongozea ndege bado umesimama na matundu yake ya risasi.

Husemwa pia kwamba mateka wote waliokolewa. Watatu walikufa katika uvamizi, na Dora Bloch, mama mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuawa baadaye. Na askari wa Uganda waliokufa usiku ule walikuwa watoto wa watu. Majina yao sijayasikia yakitajwa hata mara moja katika kumbukumbu nilizohudhuria.

“Entebbe ni Kampala tu”

Ni kilomita 40 hivi. Shemeji yangu alilijua hilo siku aliyoikosa ndege, akiwa amekwama Zana kwa saa mbili. Barabara ya kasi ilifunguliwa mwaka 2018 na ina tozo tangu Januari 2022. Mwenye ndege ya kuwahi asiionee uchungu pesa hiyo.

“Uganda Airlines ndiyo yenye uwanja”

Ni mpangaji kama wengine. Shirika hilo lilikufa mwaka 2001, likarudi angani Agosti 2019, na miaka yote ile uwanja haukufungwa. Mwendeshaji ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

“Hoima ikifunguliwa, Entebbe itakufa”

Uwanja wa Kabalega kule Hoima ulibuniwa kwa ajili ya mafuta: vifaa vizito vya visima na vya kiwanda cha kusafishia. Njia yake ya kurukia ni ya kilomita 3.5, na yetu kubwa ina mita 3,658, kwa hiyo kwa urefu hazipishani sana. Lakini sangara na waridi ziko huku kwenye Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, pamoja na viwanda na vyumba vyao vya baridi. Hakuna atakayezipakia lori kutwa nzima hadi Hoima ilhali ndege inaonekana kutoka shambani.