Maji yanavyoingia kwenye giaboksi ya pawatila

Kila Januari, watu wakiwa kwenye kuchabanga majaruba ya mpunga, yaani kuyavuruga tope, huku bonde la Usangu, Mbeya, pawatila nyingi (trekta ndogo za magurudumu mawili, zinazoongozwa kwa mikono) zinazoletwa kwangu nizitengeneze huja na moja kati ya malalamiko mawili: gia inaruka, au mashine haikati kona. Mwenye mashine huwa keshaambiwa huko alikopita kwamba gia zimekwisha, atafute giaboksi nyingine. Nikifungua, mara nyingi meno ya gia bado ni mazima. Kilichokufa ni sili ya ekseli, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke na maji yasiingie, na maji yaliyopita hapo yameshazila beringi.

Msimu uliopita mama mmoja mkulima wa Ubaruku aliniletea ya kwake ikiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ni pawatila ya zamani ya Kichina, ya namna zile zilizoenea vijijini tangu kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ilipoanza mwaka 2009: injini ya dizeli ya S195 yenye silinda moja na nguvu farasi 12, mikanda inayotoka kwenye puli ya injini mpaka kwenye klachi, kisha giaboksi yenye gia sita za mbele na mbili za nyuma.

"Shikamoo mama. Inasumbua nini?"

"Marahaba mwanangu. Gia ya pili haikai. Naishikilia kwa mkono mpaka bega linawaka. Na nikibana mkono wa kukatia kona wa kushoto haigeuki, inakwenda tu."

Sikuifungua siku hiyo. Niliiacha ilale imesimama sawasawa mpaka asubuhi, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, na mashine ikitulia usiku kucha hushuka chini. Asubuhi nikalegeza boliti ya kumwagia oili polepole. Kwanza yalitoka maji matupu, yapata kikombe kizima, halafu ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Nikapitisha humo sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ikitoka na tope laini la kijivu kama grisi, huo ni ulaji wa kawaida wa mashine inayofanya kazi. Ikitoka na vipande vinavyometameta kama magamba ya dagaa, kuna kitu kinachobanduka. Hii ilitoka na magamba, pamoja na kipande cha keji ya beringi, ile fremu inayoshikilia gololi, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Hapo nilijua pa kuanzia kabla sijagusa spana.

Nilipovua gurudumu la chuma la kushoto, nikakuta nyuzi za mifuko ya salfeti zimejizungusha kwenye ekseli, zimebanana mpaka zimekuwa ngumu kama kamba ya katani. Mifuko ya mbolea huoza jarubani, nyuzi zinabaki kwenye tope, gurudumu linazikusanya. Zikifika ndani huingia chini ya mdomo wa sili na kuukata taratibu kama msumeno. Ukiiosha kwa maji kila jioni gurudumu likiwa bado limefungwa, nyuzi huzioni kabisa. Ni lazima livuliwe. Kwa mashine inayochabanga kila siku, mimi nasema mara moja kwa wiki.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Giaboksi ikifanya kazi hupata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kwenye tundu la kupumulia. Ukiingia jarubani penye maji ya baridi, chuma kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, giaboksi inavuta pumzi. Tundu likiwa wazi itavuta hewa. Likiwa limezibwa na tope itavuta kutoka popote panapopitika, na panapopitika ni kwenye sili iliyochoka, nayo wakati huo imezama majini. Ndiyo maana unaweza kufunga sili mpya leo na wiki ijayo ukakuta maji tena. Tundu la mashine ya mama huyu lilikuwa limefunikwa na udongo mkavu, mtu akapaka rangi juu yake.

Sasa maji yanahusianaje na gia kuruka? Maji yakikaa ndani mashine ikilala msimu mzima, beringi hushika kutu. Kutu huacha vishimo kwenye njia ya gololi, na mzigo ukija kingo za vishimo hubanduka. Beringi inalegea, shafti inaanza kucheza. Gia mbili zinazotakiwa kukutana uso kwa uso sasa zinakutana kwa pembe, na kila jino linaposukuma mwenzake linamsukuma pia pembeni. Hiyo nguvu ya pembeni ndiyo inayoitoa gia. Yupo fundi atakayekubadilishia springi inayokaza gololi ya uma wa gia (uma ni kile kipande kinachosogeza gia), na ni kweli springi ikichoka gia huruka. Lakini springi ngumu juu ya shafti inayocheza itakusaidia siku chache tu, halafu uma wenyewe utaanza kulika. Kwa hiyo kabla ya springi, shika shafti kwa mkono uitikise juu na chini. Ikiwa unausikia mchezo kwa vidole, acha springi, anza na beringi.

Meno ya gia nilivyoyapima: kwanza kwa macho, maana jino zima lina alama ya mguso katikati ya uso wake, na linaloruka lina alama ukingoni. Kisha nikachukua tupa mpya nikapitisha taratibu kwenye kona ya jino. Gia imegumishwa juu yake kwa moto kiwandani. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, ugumu bado upo. Tupa ikishika na kutoa unga, ile ngozi imekwisha na gia hiyo haifai. Gia ya pili ya mama iliteleza vizuri, imechubuka kidogo tu kwenye ncha. Nikailainisha kwa jiwe la kunolea, ikarudi kazini.

Kuhusu kuchomelea jino lililovunjika, msimamo wangu ni mmoja: hapana. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa meno ya jirani, na jino la kubandika likikatika kazini hupita katikati ya gia nyingine zote. Nimeshafungua giaboksi iliyopasuka ubavuni kwa kipande kama hicho. Nunua gia moja, hata iliyotumika, kutoka mashine iliyokufa injini.

Beringi usinunue kwa kuangalia macho. Namba imechongwa ubavuni. Kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani kwa milimita: 6205 ni milimita 25, 6206 ni 30. Namba ikifuatiwa na 2RS maana yake beringi hizo zina mipira pande zote mbili, na ndani ya giaboksi hizo hazifai, kwa sababu beringi ya humo inatakiwa inyweshwe na oili ile ile ya gia. Sili nayo ina namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, na unene. Kwa kazi ya majaruba tafuta yenye midomo miwili. Mdomo wenye springi unatazama ndani kwenye oili, ule mdogo unatazama nje kwenye tope. Nimeshakuta zimefungwa kinyume zaidi ya mara moja.

Mahali sili ya zamani ilipokuwa ikigusa ekseli palikuwa na mfereji; ukipitisha ukucha unakwama. Sili mpya ikikaa hapo hapo itavuja siku ile ile. Nyumba ya sili ilikuwa na nafasi, nikaiweka sili milimita mbili nje zaidi ili mdomo uguse chuma ambacho hakijalika. Beringi nilizipasha kwenye sufuria ya oili, zikashuka kwenye shafti zenyewe kwa mikono. Ukilazimika kugonga, gonga ringi inayokaza kwenye shafti. Ukigonga ringi ya nje, pigo linapita kwenye gololi, na umeiua beringi kabla haijazunguka.

Kona iliyokuwa haikatiki ilitokana na zile klachi za kucha, vipande vyenye meno yanayoingiliana, zinazounganisha kila gurudumu. Waya wa mkono wa kushoto ulikuwa umekazwa mno, kucha zikawa zinashikana nusu nusu, kona zake zikaviringika, kisha zikaota ncha zilizong'ang'ania hata mkono ukibanwa. Nilizisawazisha kwa tupa ya jiwe, nikauacha waya na ulegevu kidogo kwenye mkono kabla haujaanza kuvuta.

Kufunga ni kwa karatasi ya gasketi yenye unene ule ule wa mwanzo. Ukikata katoni nene, shafti zinapata nafasi ya kutembea na umerudi ulikotoka. Nikaosha ndani kwa dizeli, nikaweka oili ya bei nafuu, nikaipandisha kwenye magogo magurudumu yakiwa hewani, nikaizungusha dakika kumi kwenye kila gia, nikaimwaga yote. Ndipo ikaingia oili ya gia namba 90. Tundu la kupumulia nililitoboa kwa sindano ya kushonea magunia.

Nilimwomba mama achabange siku mbili, mashine ilale, na asubuhi ya tatu alegeze boliti ya chini na kukinga kidogo. Alikuja na oili hiyo kwenye chupa ndogo ya maji ya dukani. Oili ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na chini ya chupa hapakuwa na tone la maji.