Je, wajua kwa nini gitaa la kompyuta hulia kama bunduki?

Chagua sauti ya gitaa kwenye kompyuta, kisha bonyeza kitufe kimoja cha kinanda mara nane harakaharaka. Utasikia ta-ta-ta-ta. Spika haina kosa. Programu inarudia rekodi ileile, ilhali uzi wa kweli haulii sawasawa mara mbili: kidole hutua mahali tofauti kidogo, na mtikisiko wa pigo lililopita hukutana na pigo jipya.

Kwa hiyo ukitengeneza sauti ya gitaa ya kompyuta, kila noti irekodiwe walau mara 4 kwa nguvu ileile, programu izicheze kwa zamu. Nguvu nazo ziwe 3: laini, wastani, kali. Pigo laini lililoongezwa volyumu haliwi pigo kali, kwa sababu sauti ya uzi uliopigwa kwa nguvu hung'aa pia.

Si lazima kurekodi noti zote. Ila kila nusu toni (hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata) unayoipandisha huharakisha rekodi kwa karibu asilimia 6, na mwangwi wa kasha la mbao hupanda pamoja nayo. Ukivuta mbali, gitaa hugeuka mwanasesere. Rekodi kila baada ya nusu toni 3. Oktavo mbili (nusu toni 24) kuanzia E ya chini (Hz 82) ni noti 9, mara nguvu 3, mara 4: sampuli, yaani rekodi fupi za noti mojamoja, 108.

Kwa studio ya Mtwara au Lindi, adui mkubwa ni kelele. Kusi likivuma paa la bati hulia, na feni huingia kwenye maiki. Kelele ndogo ya sampuli moja huonekana si kitu, lakini mpigaji akibonyeza noti 6 pamoja, kelele 6 hujumlika na kupanda kwa karibu desibeli 8. Rekodi usiku bodaboda zikitulia, feni imezimwa, magodoro ukutani. Hewa ya chumvi hula nyuzi, basi funga mpya siku moja kabla ya kurekodi ili zivutike, wala usizibadilishe katikati ya kazi: nusu ya gitaa itang'aa, nusu itafifia. Joto na unyevu huhamisha toni. Kagua kila baada ya noti mbili.

Tumia biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi), kilele cha sauti kiwe karibu desibeli -10 kwenye kipimo cha programu. Acha noti ife yenyewe. Ukikata, ondoa ukimya wa mwanzo. Milisekunde 20 tu zinatosha kumchelewesha mpigaji.

Mwisho rudia jaribio la bonyeza-bonyeza. Sampuli moja ikijitokeza kuliko wenzake, itupe na urekodi nyingine, maana itarudi kila pigo la nne na sikio litaikamata.