Utafiti wa VVU haujawafaa wenye VVU peke yao

Vijiweni Mwanjelwa, hata stendi ya Iringa, bado utasikia: "Hela zote za utafiti wa Ukimwi zimewafaa wenye virusi tu, sisi wengine tumeambulia nini?" Ni dhana ya miaka mingi, na si kweli.

Chukua homa ya ini aina ya B. Virusi vyake, kama VVU, hutegemea kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, yaani kemikali mbili zinazobeba maelekezo ya urithi. Ndiyo maana lamivudini, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, iliyoidhinishwa Marekani kwa VVU mwaka 1995, iliidhinishwa kwa homa hiyo mwaka 1998. Tenofoviri nayo ilianzia kwa VVU mwaka 2001, ikafika kwenye ini mwaka 2008. Leo mtu asiye na VVU kabisa anameza dawa hizohizo kulinda ini lake. Kwangu mimi, hilo pekee lingetosha.

La kushangaza zaidi, VVU vilivyoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa hutumika kupeleka jeni ndani ya seli za kinga za mgonjwa, ili zipambane na saratani ya damu. Tiba ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Na hapa Mbeya, kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kinachochunguza VVU huchunguza pia kifua kikuu.